Zamu ya Jumanne

Seva yetu inakaa Igogo, juu, kati ya majabali,
chini ya kitanda cha Holo,
kwa kuwa pale tu ndipo sakafu haipigwi na jua.
Tuliipandisha mgongoni, Magesa mbele, mimi nyuma,
tukipumzika mara mbili kwa muuza mkaa.
Ilikuwa mali ya benki iliyofunga tawi.
Bado ina kibandiko: USIGUSE.
Tunaigusa watu saba.

Jumanne ni zamu yangu.
Navua viatu mlangoni. Holo ananipa chai,
kisha anageukia ukuta, analala,
kama mtu aliyezoea mgeni kuinama chini ya godoro lake.
Natoa vumbi kwa brashi ya rangi.
Wadudu wa ziwani wakivuma, feni inajaa mabawa;
nayachomoa kwa kibanio, moja moja.
Natazama luku: uniti nne. Naandika daftarini.

Mama yangu ni wa kikoba. Sanduku lao
lina kufuli tatu, na funguo zinalala nyumba tatu:
Mkuyuni, Butimba, na kwa mjane mmoja wa Nyegezi
asiyepokea simu baada ya saa mbili.
Akaniuliza, la kwenu lina kufuli ngapi?
Moja, nikasema. Neno moja la siri, herufi kumi na tisa,
na sote saba tunalo.
Alinyamaza, akaendelea kuchambua dagaa.
"Hiyo si kuaminiana," akasema.
"Hiyo ni kuvuliana nguo."

Kweli. Nikiwa hapa sakafuni naweza kufungua chochote.
Sifungui. Lakini mashine haina pazia zito.
Feni ikipanda saa saba usiku, najua Lushinge yu macho,
anasafisha tena ile sauti ya marehemu baba yake,
anaondoa mvua iliyo nyuma ya maneno,
au labda anairudisha.
Nyanjige akiingia na kutoka mara tatu
bila kugusa faili, najua Bugando hawajampa majibu.
Asubuhi namtumia salamu
isiyo na swali ndani yake.

Machi, diski ya pili ilianza kukohoa.
Tik. Tik. Kimya. Tik.
Umeme nao ukakatika. Betri ikatupa dakika arobaini.
Holo alishika tochi begani kwangu,
mimi nikahamisha, kabrasha kwa kabrasha,
kama watu wanaotoa vyombo nyumba inapovuja:
hushiki sufuria ukauliza ilipika nini.
Ila majina hupita kwenye kioo, hayana pa kujificha.
Na kabrasha moja la Magesa,
Magesa wa bei za samaki, anayecheka mpaka kwikwi,
liliitwa kwa_Holo_sijatuma.

Mwanga wa tochi ukahama.
Ukaenda ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi,
ukakaa huko
mpaka jina lilipopita.

Tuna sheria moja tu: ukiona, mwambie mwenyewe.
Nikashuka Mwaloni kabla jua halijakolea.
Magesa alikuwa anapima dagaa.
Nikamwambia diski imekufa. Nikamwambia nimeona jina,
jina tu.
Akasawazisha kisado kwa kiganja, polepole sana.
"Zimepona zote?"
Zote.
"Hata ya Desemba?"
Sikufungua, Magesa. Sijui ya Desemba ni ipi.
Akachota dagaa nyingine, akazimwaga juu ya kipimo
hadi zikamwagika,
akanifungia bila kunitazama
na bila kutaja bei.

Kesho Jumatano, zamu yake.
Nimemwachia brashi safi, uniti kumi na moja,
diski mpya isiyokohoa.
Na kiti
nimekisogeza kidogo, si sana,
upande wa kitanda.